Misumari ya Epifanio

Mwaka mzima imelala ndani ya chupa ya spiriti,
kwenye rafu, kati ya siki na chumvi,
misumari miwili, mirefu kama kidole cha kati.
Ludivina huifuta chupa vumbi kila Jumamosi,
haulizi.

Ijumaa Kuu, Pampanga, jua la utosi:
wanamgongomea mumewe, wageni wanapiga picha.
Nadhiri ilikuwa ya mtoto. Mtoto alipona,
sasa ana ndevu, yuko Dubai,
hapigi simu.

Jumapili alfajiri kengele zinarindima.
Epifanio hawezi kushika kijiko.
Mkewe anamlisha wali, tonge kwa tonge,
naye anatafuna, anakunja uso:
"Chumvi imezidi."

Basi amefufuka, anasema Ludivina,
na kuirudisha chupa mahali pake.