Uzani wa Kutu

Iliingia Kilambo na kilo sitini na mbili,
mashine ya kubangulia korosho, ya Amade wa Kionga.
Afisa Tulinagwe akaipima, akaandika:
kwa matengenezo tu, siku tisini, irudi ileile.
Ushuru hakutoza. Alichukua dhamana,
nami nikatia sahihi kwa mkono wenye grisi.

Chikongola, uani kwangu, nikaifungua.
Nyigu walikwisha hamia ndani.
Nikasugua wiki nzima, nikachonga upya meno ya gia,
bamba lililooza nikalikata.

Siku ya themanini na sita, mizani ileile:
hamsini na tisa na nusu.
"Fundi Nalinga, kilo mbili na nusu ziko wapi?"
"Kutu, mama."
"Basi kutu imeingia nchini.
Kutoka, haijatoka."
Hakucheka. Fomu haina kisanduku cha kutu.

Bodaboda, vumbi, mjini tena, jua la saa nane.
Nikafagia ua kama natafuta hereni:
unga mwekundu, chenga za chuma,
lile bamba mwanangu alilokwisha ligeuza kikaango,
hata kiota cha nyigu.
Kiroba kikapanda mizani. Kilo mbili, gramu mia nne.

Akazitazama gramu mia zisizokuwepo.
Nikafunua viganja,
wekundu umekaa kwenye mikunjo, sabuni imeshindwa.
Akagonga muhuri.

Ng'ambo, Amade akauliza kiroba cha nini.
"Chako," nikamwambia. "Uliingia nacho."