Mkono wa Kushoto

Ukiteremka barabara ya Drake, mjini Rochdale,
kati ya kinyozi na mchonga meno ya bandia,
palikuwa na duka la sufu la Bi Winifred Ormerod.
Kengele ya mlango wake ilikohoa badala ya kulia.

Niliingia na mimba ya miezi sita na koti la kuazima.
Kiingereza changu kilitosha basi na mkate,
kwenye sufu kikaniishia.
Nikanyoosha kidole: ile pale.
Kijani cha chupa ya dawa ya kifua
iliyosahauliwa dirishani ikapigwa na jua.

Madonge matano, alisema,
akinihesabia kwa vidole vilivyopindwa na baridi yabisi.
Nilikuwa na pesa ya donge moja.

Hakuguna. Akavuta mtoto wa meza
(mtoto wa meza! nilicheka peke yangu,
nani pale angenielewa)
akayalaza manne humo, ubavu kwa ubavu,
akaandika jina langu kwenye kikaratasi,
akakosea herufi mbili. Nikamwachia.

Kisha akanieleza, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono:
haya yote yametoka pipa moja la rangi.
Wakichovya jingine, kijani hakitakuwa hiki.
Kwa hiyo yatakusubiri.

Mwaka ule, katika nchi ile,
hapakuwa na kingine kinachonisubiri.

Kila mwisho wa mwezi, donge moja.
La kwanza likawa mgongo. La pili, kifua.
La tatu nililichukua na Shaame kifuani, ana siku kumi na mbili,
na Bi Ormerod akampima mabega kwa utepe,
akatikisa kichwa: fuma kubwa, akue ndani yake.
La nne, shingo, na mkono wa kulia.

Februari nikakuta karatasi mlangoni.
Maneno mengi. Nililolijua lilikuwa asante.
Nikaziba mwanga kwa viganja, nikachungulia:
watoto wa meza wote wamevutwa nje, wamefudikizwa sakafuni.
Kinyozi alisema kaenda kwa dada yake, pwani, Fleetwood labda,
au dada ndiye aliyekufa. Hakuwa na hakika.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
tulikaririshwa hivyo chuoni.
Lakini Bi Ormerod daftari alikuwa nalo,
jekundu, nene, limefungwa kwa uzi wa sufu,
nami nimo ndani, nimekosewa herufi mbili.

Mkono wa kushoto niliufuma kwa sufu ya gulioni.
Muuzaji aliapa ni ileile.
Usiku chini ya taa, kweli, ileile.
Asubuhi mtoto akawa na mkono wa mtu mwingine.

Pale pamekuwa duka la kanda za video,
kisha la kubashiri mechi,
kisha mbao na matangazo, miaka sita,
kisha la simu.
Shaame ana ndevu sasa, vitu vyake huletwa mlangoni
na watu wanaokimbia kabla hujasema ahsante.
Mama, huniambia, unalilia duka?
Sweta analo yeye. Nimeliona, kabatini kwake,
limekunjwa, mkono wa kushoto juu.

Juzi mvua ilinikuta pale pale.
Siku hizi huuza sigara za mvuke, ladha ya tikiti, ladha ya peremende.
Kengele hakuna, mlango unajifungua wenyewe.
Kijana wa kaunta akauliza, kwa adabu, nikusaidie nini?

Sijui kilichonipata. Nikamwambia,
niliwekewa kitu hapa.

Hakucheka. Akavuta kompyuta karibu,
akaniuliza jina.
Mwanakombo, nikasema, polepole.
Akaliandika. Nikaangalia kioo:
herufi mbili, zilezile.

Halipo, akasema. Pole.
Labda tawi jingine.