Aeleke Jiwe

Kazi yangu ilikuwa kufuta.
Wengine walichora, wengine walitia wino;
mimi, Ersilia Bonfadini, miaka kumi na saba,
nilisugua mawe katika kiwanda cha chapa cha Zanetta,
Milano, nyuma ya mfereji, ambako ukungu
huingia kazini kabla yetu na hautoki hadi Machi.

Jiwe juu ya jiwe, mchanga na maji katikati,
duara, duara, nambari nane, duara,
mpaka sabuni ya mwezi uliopita iishe,
mpaka yule bibi mwenye kofia na biskuti zake
atiririke sakafuni, kijivu, kama maziwa ya maskini.
Jiwe halikumbuki, alisema Zanetta.
Zanetta hakuwahi kusugua.

Mama aliyaona mabega yangu yakipanuka, akaguna:
asiye na mwana aeleke jiwe.
Nikaeleka. Pierina upande wa kichwani, mimi miguuni,
kama wapeleka maiti, au wahamisha kitanda,
toka ghalani hadi meza ya mchoraji.

Mchoraji aliitwa Fosco Belardi.
Mguu mmoja wa suruali njano, wa pili buluu,
na deni kwa kila muuza mkate hadi stesheni.
Hakuchora mtu. Alichora pembetatu yenye kiu.
Koo lilikuwa mstari mmoja mwekundu, wima, bila huruma,
na mwisho wa mstari, duara jeusi
lililokuwa tumbo, au jua, au shimo.
Herufi zilipanda ubavuni kama wezi.

Akaja Bwana Gavardi, mwenye kinywaji, na fimbo yake.
"Chupa iko wapi?"
"Chupa ni wewe unayetazama."
"Nimelipia chupa. Mke wangu ataniuliza chupa."
"Bwana, chema chajiuza," Zanetta akaanza kusuluhisha,
kisha akakumbuka anakula kwa kazi gani,
akanyamaza.
Tulicheka hadi Pierina akapata kwikwi.

Wakakubaliana: chupa ndogo, pembeni, ukubwa wa kunguni.
Belardi aliichora kwa hasira, akaenda zake bila kofia.
Mimi ndiye niliyebaki kulisogeza jiwe la weusi,
nami nilikuwa nimetoka kula: polenta baridi,
kipande cha mafuta ya nguruwe, kwa mkono.
Jiwe la chapa hupenda mafuta. Hiyo ndiyo siri yake yote:
penye mafuta wino hushika, penye maji hukataa.
Asubuhi, karatasi ya kwanza, chini ya mstari mwekundu,
kidole gumba changu.

Nilingoja kufukuzwa. Zanetta alivaa miwani, akavua miwani.
Karatasi zilikwisha kulipiwa, elfu mbili.
"Ni usasa," akasema. "Endesheni."

Kikabandikwa Torino, Genova, kwenye kuta za stesheni,
mvua ikakilamba, juu yake wakabandika sarakasi,
na juu ya sarakasi, miaka mingi, taya moja tu.
Jiwe nililifuta mwenyewe. Ilikuwa Alhamisi.
Kidole kilichelewa kutoka kuliko duara.

Juzi, nina miaka sitini na tisa,
mpwa wangu Loris amenipeleka mnadani.
Limebaki bango moja, nyuma ya kioo, na mlinzi.
Kijana wa glavu nyeupe alilieleza lile doa:
kimbunga, alisema; msanii aliona vita vikija.
Watu wakaandika.
Nikainua kidole gumba, jicho moja nimelifumba,
nikilinganisha mikunjo kwa mbali.
Loris akaushusha mkono wangu upesi.
Walidhani napandisha bei.

Bei ilipanda.

Njiani, kwenye baa ya stesheni, niliagiza glasi ya Gavardi;
miaka yote ile sikuwahi kuionja, ilikuwa ghali.
Mhudumu hakulijua jina. Akauliza kama ni mvinyo.
Nikaomba maji.
Glasi aliichukua kabla sijamaliza,
akaifuta kwa kitambaa, duara, duara,
vibaya.