Ukuta wa Kati

Fomu ni kurasa sita. Niliijaza kwa wino wa bluu
kwa sababu mweusi, alisema karani, hufanana na nakala.
Jina la mwenye nyumba: nikaandika la baba,
nikakumbuka, nikalikata, nikatia langu.
Mtaa: Mkomani. Upana wa njia: punda wawili hawapishani.
Karani akacheka, akafuta,
akaandika mita moja na robo.

Aina ya kazi: kuinua upya chumba cha nyuma
kilichoporomoka usiku wa mvua ya masika
kikaua friji tu, alhamdulillahi.

Ramani, nakala nne.
Barua ya watu wa makumbusho, kwamba chokaa itakuwa chokaa
na saruji itakaa kando kama mkwe mgeni.
Stakabadhi ya benki. Picha ya pasipoti,
sijui ya kazi gani, ukuta hauulizi sura.

Ukaguzi wa kwanza: Jumanne, saa nne asubuhi.
Fundi Shekuwe alichimba tangu Jumamosi,
akalainisha kingo za shimo kwa mwiko
kana kwamba shimo litaposwa.
Saa nne. Saa sita. Adhuhuri ikaadhiniwa.
Ujumbe ukaingia: boti ya Mokowe imeharibika,
Alhamisi, labda.
Alhamisi ikaja bila mtu.
Ijumaa paka akashuka shimoni, akazaa watatu
juu ya mchanga tulioulipia debe kwa debe.

Alipofika alikuwa msichana, Bi. Hiribae,
viatu vya mpira, futikamba kiunoni.
Chai hakutaka. Akashuka, akawazunguka paka,
akapima kina: sawa. Upana: sawa.
Kisha akaugonga ukuta wa kati kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza kama anayechagua nazi sokoni.
"Huu si wako peke yako," akasema.
"Boriti za jirani zimeingia humu. Nane."
Akaandika: sahihi ya jirani. Akapiga mstari chini.

Miaka kumi na mmoja hatusemezani na Bi. Khuwaila.
Kisa ni mlizamu. Baba aliuelekeza kwake,
mvua ikimwagika uani, juu ya asumini zake.
Baba amekufa, mlizamu bado unamwaga,
nasi hupishana katika mita ile moja na robo
kila mtu akigeuza uso kusoma ukuta.

Nikabisha hodi. Fomu mbele ya kifua.
"Ndoo ndani. Usisimame mlangoni kana mdai."
Akavaa miwani iliyofungwa uzi mkono mmoja,
akasoma kurasa zote sita, hata habari za choo.
Penye jina lililokatwa akakaa.
"Boriti hizi tulizihisabu pamoja," akasema,
"nane zangu, saba zake.
Mwaka ule tulikuwa tukipikiana."

Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu,
mkia wa jina ukatoka nje ya kisanduku.
"Na ule mlizamu?"
Nikasema utageuzwa.
"Andika. Hata mimi nina fomu yangu."
Nikaandika pembezoni, kwa wino mweusi,
kwa kuwa kalamu ilikuwa yake.

Jana nimeipeleka. Karani amebana midomo:
sahihi imevuka mstari, na huu wino ni wa nani?
Amesema atauliza juu.
Tarehe ya ukaguzi wa pili hakuna.
Fundi amefunika shimo kwa bati,
ameacha upenyo wa mama paka kupita;
watoto wamefumbua macho.

Leo asubuhi njiani, Bi. Khuwaila
alijibana upande wake, kikapu kichwani, nipite.
Uso hakugeuza.
"Hawajaja?"
"Hawajaja."