Mpira Unakwenda Pembeni

Mwaka wa kwanza tulikuwa na mikeka minne ya matete
na kilima cha mchanga juu ya Lima,
ambako mvua hainyeshi, ukungu tu unakaa
kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.
Mikeka tuliifunga kwa waya. Mlango ulikuwa shuka.
Abelino akachora vyumba mchangani kwa kijiti:
hapa jiko, hapa watoto, hapa mama yako akija.
Usiku upepo ukavifuta.
Asubuhi akavichora tena,
safari hii jiko likawa dogo zaidi.

Mwaka wa tatu, matofali mia mbili.
Mwaka wa nne, hakuna. Rusbel aliugua kifua.
Mwaka wa tano, mlango wa mbao, wa mtumba,
wenye tundu la barua,
ingawa hakuna tarishi wa kupanda
ngazi mia tatu na kumi na mbili kwa ajili yetu.

Zege la sakafu nililimwaga mimi.
Abelino alikuwa zamu ya usiku, kiwandani, akishona zipu.
Mifuko ya saruji ilikuwa imeanza kushika unyevu,
nami nilikuwa na mimba ya miezi saba
na ubao mmoja wa kusawazishia.
Pima maji sikuwa nayo. Nilipima kwa jicho,
na jicho lilikuwa limechoka.

Ukiweka mpira mlangoni unaondoka wenyewe,
polepole, bila kusukumwa,
unapita chini ya meza, unagonga pembe ya kushoto.

Miaka sita nimeiombea radhi sakafu ile.
Kwa kila mgeni: samahani, niliharakisha.
Kwa fundi Zósimo, aliyecheka hadi akashika ukuta.
Kwa mama, aliyeshuka kutoka Andahuaylas
na gunia la viazi na simbilisi wawili kikapuni;
yeye mteremko hakuuona,
nikamwonyesha.
Usiku nilifanya hesabu zangu: ningengoja wiki mbili.
Ningeazima pima maji kwa Maruja.
Ningekuwa mwanamke mwingine, mwenye nyumba nyingine,
na huyo mwingine nilimchukia kidogo, kwa unadhifu wake.

Jana Yanet, yule aliyekuwa tumboni,
alimleta mtoto wa Maruja kucheza.
Wakakaa mlangoni, wakauachia mpira,
wakaufuata kwa magoti, wakipiga kelele, mara ishirini.
"Nyumba yetu inajua kucheza," Yanet akasema.
Yule mtoto akanyamaza, kisha, kwa huzuni ya kweli:
"Kwetu mpira unakaa tu."

Nilikuwa na ndoo mkononi. Nikaimwaga nipige deki,
na maji, kama miaka yote sita,
yakaenda yenyewe pembeni, yakaningoja pale na tambara langu.
Sikuwahi kuyashukuru.

Basi nikaketi chini, penye mteremko,
nikamwita yule wa mimba ya miezi saba,
mwenye miguu iliyovimba na saruji hadi kwenye nyusi.
Keti, nikamwambia. Weka ubao chini.
Wiki mbili zingeigeuza mifuko kuwa mawe.
Ulilimwaga zege wakati bado linakubali.
Hakujibu. Nadhani alisinzia,
na mimi nilimwacha alale.

Chumba cha tatu bado. Labda mwakani,
labda mwaka baada ya huo; zipu zimepungua.
Juu ya paa nondo sita zimesimama, zimeota kutu,
zikingojea ghorofa tuliyoisema tukiwa vijana.
Abelino amezivika chupa za plastiki, zisitoboe macho ya watoto.
Na nondo wale wengine, wenye mabawa,
usiku huja kutua juu ya chupa,
wakapumzika hapo,
penye kitu ambacho bado hakijawa ukuta.

Lori la maji linapita alfajiri.
Mapipa mawili yanavuja, moja zima.
Litatosha.