Ribiti Kumi na Moja

Mchana natengeneza simu za watu Kondele:
vioo vilivyopasuka, betri zilizovimba kama mandazi,
na mdomo wangu unajua sentensi moja tu,
"Njoo kesho jioni."
Usiku, Nyalenda, feni ya kompyuta ikikoroma,
naunda ndege.

Si ya kupanda. Ni ndege ya vita ya miaka ya arobaini,
kiti kimoja, pua ndefu, mgongo wa kitambaa,
itakayoruka ndani ya kioo cha inchi kumi na tano
mradi stima isikatike.

Nilianza na nukta. Nukta ikazaa mstari,
mstari ukakunja goti, ukawa pembetatu,
pembetatu zikapandana kama magamba ya ngege
hadi bawa likaonekana, tupu, la kijivu,
lisilo na uzito, lisilowahi kunyeshewa.
Miezi minne, bawa la kushoto.
La kulia nililinakili kwa sekunde moja, nikaona haya.

Picha ninazo: tatu, zenye ukungu.
Michoro ninayo, vipimo vya futi na inchi
vya mtu mwenye mwandiko wa daktari.
Lakini hakuna aliyeniambia
ribiti na ribiti zilikaa mbali kiasi gani
kwenye bati la ubavu, karibu na injini.
Kitu kidogo. Hakuna atakayekihesabu akiwa angani.
Kilininyima usingizi wiki mbili.

Ndipo nikakumbuka sufuria.

Jumamosi nikaenda Matungu, rula ya chuma mfukoni.
Senje Robai alikuwa anachemsha viazi vitamu ndani yake,
sufuria pana, nyeusi chini, imebonyea pembeni,
iliyofuliwa na fundi wa Mumias mwaka ule ndege
ilipoangukia shamba la babu,
ikavunja migomba sita, na hakuna aliyelipwa.
Rubani alitoka mzima, asema Senje,
naye alisimuliwa tu, hakuwa amezaliwa:
alikuwa na kiatu kimoja,
akaomba maji, akanywa kata mbili,
akashika njia ya barabarani bila kugeuka.
Hadi leo jembe likigonga kitu
lazima mtu aulize, "Ni kiatu?"

"Imwage kwanza," nikamwomba.
"Viazi havijaiva."
Tukangoja.
Kisha nikaisugua kwa majivu, chini ya ukingo,
zikatokeza moja moja kama meno ya mtoto:
ribiti kumi na moja, safu moja,
kati ya moja na nyingine sentimita mbili na nusu, kasoro uzi.
Nikaandika kiganjani. Mkono ulitetemeka.
Nilisema ni joto la sufuria.

"Hiyo ndege yako inabeba wangapi?"
Mmoja, Senje.
"Na mizigo?"
Risasi.
Akatafuna kiazi muda mrefu.
"Basi sufuria imebeba zaidi."

Jana usiku niliirusha. Nikainuka Kisumu,
ziwa likabaki nyuma,
injini ikinguruma kwa sauti ya kinu cha posho
nilichokirekodi Obunga,
nikaufuata mto Nzoia hadi mahali ambapo Matungu ingekuwa.
Ramani yao imeweka msitu. Kijani kitupu,
mti ule ule mara elfu,
hakuna paa, hakuna mgomba, hakuna moshi.
Nilizunguka mara tatu, taa ya mafuta ikawaka,
sikujua pa kutua.

Sasa kila ribiti ipo. Rangi imechubuka panapostahili.
Kwenye pedali ya kulia nimechora kiatu.
Na ubavuni, karibu na injini, nimeliondoa bati moja:
upepo unaingia, ndege inavuta kushoto,
anayeirusha itabidi akaze mkono safari nzima.

Wataniuliza mbona nimeacha tundu.
Bati hilo lina kazi.
Leo ni maharagwe.