Chemsha Bongo ya Mokowe

Jumamosi ya Aprili,
Mokowe, saa ya pili,
matundu ya bati mbili
jua likachungulia.

Mwalimu wetu Shebwana,
fizikia akinena,
miwani hushuka tena,
kwa kidole huzuia.

Karatasi mkononi:
"Ndege za vita angani,
zapaa kwa nguvu gani?
Ndiyo mada," katwambia.

Taa ya sola zawadi
na kamusi ya jaladi;
kila mtu na ahadi
nyumbani amewachia.

Mimi na Mwanasha Shali;
mbele yetu Bunu Lali,
anayejua modeli
kwa sauti kusikia.

Kwao ni Manda; darini
huzihesabu angani,
hata akiwa chooni
jina atakutajia.

"La kwanza: ikiondoka,
upepo unakotoka
ndiko ndege huinuka,
au hufuatilia?"

Bunu meza akagota:
"Upepo huufuata!"
Mwanasha akanivuta:
"Tiara wakumbukia?"

Nikajibu: "Ni tiara.
Upepo wa uso bora;
wa mgongoni hasara,
njia itawaishia."

"Lile sanduku jeusi,
litunzalo siri, kasi,
rangi yake? Jibu basi,
dakika yakuishia."

"La chungwa," Bunu kanena,
"lipate kuonekana."
Makofi yakagongana,
sare tukajipatia.

"Kainua mno pua,
moto haujapungua,
mbingu safi, bila mvua,
mbona ndege yatitia?"

Mwanasha: "Hewa bawani
yateleza kwa makini;
pembe iwapo wimani
hujing'oa, hukimbia.

Ni mkeka na mgeni:
ukiinua pembeni,
atakaa hapo nini?
Kwaheri atakwambia."

Ukumbi ulivyocheka
miwani ikaanguka;
Shebwana akaiweka,
pointi katupatia.

"Ndege ishinde kwa mwendo
sauti, huja kishindo
kama cha rungu na nyundo:
rubani hukisikia?"

Bunu: "La! Ameshapita,
kishindo chamfuata;
ni sisi tunaopata
vyombo kutupasukia."

Sare tena. Swali moja
limebaki. Tukangoja.
Mwanasha jasho lavuja,
mkono kanishikia.

"Helikopta yazimika
injini; je, huanguka
kama dafu likishuka,
au yaweza tulia?"

Bunu kimya. Jibu hana.
Hujua kinachonena;
kimya hakuwahi ona
wala kukisikilia.

Nikawaza la ukuti
pangaboi, kwa kijiti:
halitumii baruti,
upepo latumilia.

"Ishukapo, toka chini
hewa hupiga pangani
lizunguke; na rubani
polepole hutulia."

"Sahihi!" Taa ni yetu.
Bunu kaja, hana kitu,
tabasamu lenye kutu,
swali akatuachia:

"Kuna moja, usikuni,
huvuma nyuki buyuni;
haina mtu kitini,
jina sijalisikia.

Rubani wake kaketi
mji gani? Ni wakati
gani kwake? Chai, ati,
anywa, akitwangalia?

Nguo kambani aona,
na mbuzi wakisongana?
Nami, aniita mwana,
au doa lapitia?"

Mwalimu, waraka wake
kapindua nyuma yake,
kalisaka jibu lake:
peupe. Hakutwambia.

Bunu kapewa kamusi,
alitafute upesi
jina la nyuki mweusi,
kisha atatwandikia.

Usiku, taa mezani,
nikasikia angani
nyuki wale wa buyuni
mbali wakizungukia.

Nikazima, nikawasha,
mara tatu, kukumbusha
kule, kwa anayekesha:
nipo; wanihesabia?